Ndiyooo, Mwalimu!

Mstaafu wa nchi hii hana mapumziko, ana maswali. Asubuhi ataulizwa kiinua mgongo kiliishia wapi. Jioni ataulizwa mbona hajajenga fremu za maduka wakati wenzake waliostaafu naye wamejenga. Hayo nimeyazoea, nayajibu huku napalilia. Lililonishinda ni moja, nalo huja kwenye mahafali ya darasa la saba, likiletwa na kijana aliyeielekeza simu puani mwangu: "Shikamoo mwalimu. Ni kitu gani kilikuvutia hadi ukaipenda kazi ya ualimu?"

Kunivutia! Mimi sikuvutwa, nilisukumwa. Lakini kijana hataki hilo. Ameshasikia kwa watu kwamba nilivuka mpaka nikiwa mtoto, sijui Kiswahili hata cha kuombea maji, na kwamba nimestaafu nikiwa mwalimu wa Kiswahili hapa hapa Mbinga. Basi kichwani mwake hadithi imekwisha kujiandika: mtoto mkimbizi, mwalimu mwema aliyemshika mkono, machozi, wito. Anangoja machozi. Nami nikianza kueleza ilivyokuwa, namwona anachungulia kama chaji itatosha.

Niyaseme basi hapa, ambako wa kunikatiza ni mhariri peke yake.

Nilizaliwa upande wa Cobué, pwani ya Msumbiji ya ziwa hili hili la Nyasa. Pale ukisimama ufukweni unakiona kisiwa cha Likoma vizuri kuliko ninavyoiona nyumba ya balozi wangu tangu alipopanda michongoma. Vita ya FRELIMO na Mreno ilipoanza, Septemba 1964, Niassa iliungua mapema. Watu wakabeba vyungu, kuku na wazee, wakafuata ufukwe kwenda kaskazini hadi Chiwindi, ndiko Tanzania inakoanzia. Sisi tulifuata baadaye kidogo, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kungoja aone. Mpaka wenyewe sikuuona. Nilikuwa nimetegemea ukuta, au walau kamba. Kireno nilichokuja nacho kilikuwa cha aina moja tu, kile ambacho ukikisikia unakimbia.

Tukapelekwa Lundo, kwenye makazi ya wakimbizi, tukapewa majembe. Sasa hapa ndipo kijana wa simu anapokosea hesabu. Anadhani nilifika mahali nisipoelewa mtu. Wapi! Uwanjani nilielewa kila kitu. Wanyasa wa huku na sisi wa kule tulikuwa tunasikilizana vizuri tu, tunatukanana bila mkalimani. Watu wa ziwa hili wameoana, wamedaiana na kuzikana tangu kabla ya mtu yeyote kuja na ramani. Kisha misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyokuwa na makao yake Likoma, ikakifanya Kinyanja chetu hicho lugha ya ibada na ya darasa huku na huku. Ukifika Liuli utaonyeshwa kaburi la Padre William Percival Johnson, aliyekuja Afrika 1876 na kufia pale pale Liuli 1928. Huyo alizunguka pwani yote hii, macho yanamfifia, anajifunza Kinyanja mpaka akakitafsiria Biblia. Naye alikuwa mgeni asiyejua lugha ya watu, tena mtu mzima mwenye ndevu. Tofauti yetu ni kwamba yeye alipokosea neno watu walicheka kwa adabu.

Kwa hiyo ningevuka miaka hamsini mapema, ningeongoza darasa. Nilichelewa. Nilifika taifa likiwa limeshika kasi: mwaka 1967 Mwalimu Nyerere ametoa Elimu ya Kujitegemea, na shule ya msingi ni Kiswahili kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Uwanjani nilikuwa mwenyeji, nikivuka kizingiti cha darasa ninakuwa mkimbizi kwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyenipa jembe.

Shule yenyewe siitaji. Niliosoma nao wako hai, na mmoja ana mtoto wakili.

Wala msidhani wenyeji walikuwa wanakijua hicho Kiswahili. Nyumbani kwao ni Kinyasa, Kimpoto, Kimanda. Kiswahili walikuwa wanakipapasa vile vile. Ila wao walikuwa hawajui kwa uhalali. Mwenyeji akikosea, anaambiwa mzembe. Nikikosea mimi, naambiwa ndiyo hao waliotoka ng'ambo. Viboko ni vile vile, mkono ule ule, lakini vyangu vilikuja na maelezo.

Niliingia na hesabu, nikidhani kwenye hesabu hakuna lugha. Kwetu sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, mnakwenda hivyo kwa raha hadi kumi, mtu anajua yuko wapi kwa kutazama mkono wake. Hawa wenzetu nikawakuta sita ina jina lake peke yake, saba nayo jina lake, tisa nayo, majina yenyewe yalikuja kwa jahazi kutoka Uarabuni, na mimi nataka kuhesabu mbuzi tu. Mwalimu ananiambia hesabu hadi kumi. Nikifika tano nasimama, natafuta njia, midomo inacheza. Akaandika kwenye daftari lake kwamba mtoto huyu hana kichwa cha hesabu. Nilikuwa na hesabu nyingi kuliko yeye, maana kila namba baada ya tano mimi nilikuwa najumlisha.

Siku nyingine akajitambulisha mwalimu mgeni, jitu la miraba minne, ndevu hadi kifuani. Akasema kwa fahari kwamba yeye sasa ni mkazi wa kijiji hiki. Kwa Kinyanja, mkazi ni mwanamke, mke wa mtu. Sisi wa ng'ambo pamoja na nusu ya wenyeji tukatazamana, tukamtazama na zile ndevu. Nani aliyecheka wa kwanza haijulikani mpaka leo, waliochapwa wanajulikana.

Ndipo nikavumbua dawa. Niligundua kwamba kila somo, liwe la jembe au la Yesu, linaisha kwa namna moja. Mwalimu anafuta mikono chaki, anauliza: "Mmeelewa?" Na darasa zima linajibu: "Ndiyooo!" Basi. Hapo huhitaji kujua Kiswahili, unahitaji kujua saa. Nikaanza kuingia na wenzangu, kwanza nyuma kidogo, kisha sambamba nao, kisha nikawa naanzisha mimi. Nilikuwa bingwa wa ndiyo. Nikaandikiwa kwenye ripoti kwamba ni mtoto msikivu. Nikakaa darasani muda mrefu kwa mtindo huo, nimenyooka, macho mbele, sijui kinachoendelea.

Tuna historia ya jambo hili pwani kwetu. Liuli Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya lile jiwe la Pomonda lililokaa majini na sura ya yule mnyama wa Misri. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale kwa matengenezo. Ghafla ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, ikaanza kuitwanga mizinga. Kapteni wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa huyo Rhoades, watu wa kunywa pamoja. Akaingia kwenye mtumbwi wake mdogo, akavuta makasia kwa hasira, akamwendea mwenzake kumfokea, akidhani amelewa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Ulaya kuna vita. Akafanywa mateka hapo hapo. Watu wakisimuliwa habari hii huangua kicheko. Mimi sicheki. Najua kabisa anavyojisikia mtu ambaye mambo yamekwisha kuanza na yeye ndiye wa mwisho kupewa taarifa, tena kwa mizinga.

Sasa kijana wa simu anangoja huyo mwalimu mwema. Hakuwepo. Aliyenitoa kwenye shimo alikuwa mtoto ambaye hajaanza hata shule, ananuka mafuta ya nazi, kamasi mbili. Baba yake alikuwa mganga wa zahanati, amehamishwa kutoka Kilwa na familia yake yote, na yule mtoto alikuwa hajui Kinyasa hata kidogo. Kiswahili ndiyo lugha aliyozaliwa nayo. Huko kwao hata kuku wanafukuzwa kwa Kiswahili. Huku akawa hana wa kucheza naye. Akanigandia mimi kwa sababu nilijua kuchonga mtumbwi wa bua.

Tukabadilishana, neno kwa neno, kwa bei ya soko. Ananipa moja la kwao, nampa moja la kwetu. Lakini jambo lililonishangaza si maneno. Nilimweleza kitu, jinsi ya kufunga kamba ya wavu, nikamaliza kwa sauti ile ile ya shuleni: "Umeelewa?" Akanitazama usoni, akasema: "Hapana." Hivi hivi. Hapana! Bila kutetemeka, bila kuangalia mlango uko wapi. Nikarudia, nikauliza tena. "Hapana." Nikakasirika, nikataka kumnasa kofi, sijui nikiwa nimeiga wapi, nikakumbuka baba yake ndiye mwenye sindano. Ikabidi nianze upya kwa njia nyingine. Nikampa kamba mkononi. Akaifunga vibaya, nikaona alipokosea, nikaona kumbe kosa lilikuwa langu, nilikuwa nimeruka hatua. Alipofanikiwa hakusema ndiyo. Alinyanyua wavu wake akaenda zake.

Kama kuna kitu kilichonifanya mwalimu, ni yule mtoto mkorofi. Niliona kwa mara ya kwanza mtu haelewi hadharani na mbingu hazikuanguka. Tangu siku ile nikikaa darasani niliwahesabu wenzangu wanaodanganya. Walikuwa wengi. Darasa zima la wenyeji waliojaa ndiyo, na ndani hamna kitu. Nilikuwa nadhani mgeni niko peke yangu!

Baba akasikia kwamba Umatengo kuna kahawa na kahawa ina kibarua, tukapanda milima. Kwa mtoto wa ziwani, kuja Mbinga mwezi Juni ni adhabu. Nilikuwa sijui kwamba baridi inaweza kuingia masikioni. Nikafika na Kiswahili changu kilichopatikana kwa taabu ile, najiona msomi, nikakuta watoto wenyewe wanakicheka kwa Kimatengo. Nikaanza upya. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba mtu anajifunza lugha mara moja akamaliza.

Huku juu nilifundishwa na bibi mmoja mwenye shamba tulilofanyia kibarua. Kiswahili hakujua, na mimi Kimatengo ndiyo hivyo. Wasiokuja huku hawajui ngoro ni nini, nitawaeleza. Mvua zikikaribia kuisha, Machi, nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima unakuwa mraba mraba. Kisha unachimba udongo katikati ya kila mraba, unafukia zile nyasi kandokando. Unabaki na shimo na matuta yaliyolizunguka, juu ya matuta unapanda maharage, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikija kwa nguvu, maji yanatulia shimoni, mlima unabaki mlimani. Wamatengo walikuwa wanafanya hivyo kabla Mjerumani hajakanyaga, na wataalamu wamekuja na kompyuta zao kuupima ule udongo wakaondoka wanatikisa vichwa kwa heshima. Yule bibi hakuniuliza kama nimeelewa, hata lugha ya kuniulizia hakuwa nayo. Alisimama ananitazama nikifukia. Nikikosea, anautoa udongo kwa mkono wake, ananirudishia jembe. Sijaona mkufunzi aliyemzidi, na nimekaa mbele ya wakufunzi wengi wenye tai.

Msumbiji ikapata uhuru, Juni 25, 1975. Majirani zetu wengi wa Lundo wakafunga mizigo. Wamerudi na Kiswahili chao, na mpaka leo ukivuka huko utawakuta wazee wanakumwagia Kiswahili safi. Baba alisema miche ya kahawa haibebeki kichwani, tukabaki. Makaratasi ya uraia yakapatikana baadaye, kwa taabu ya kawaida.

Ualimu nao haukuwa wito, ulikuwa upungufu. Azimio la Musoma, 1974, liliamua watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977. Watoto walikuwepo tele. Walimu ndio hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, maelfu kwa maelfu, asubuhi unafundisha, mchana unafundishwa wewe. Mpango uliitwa kwa kifupi UPE, elimu ya msingi kwa wote. Watu wakatuita Ualimu Pasipo Elimu. Wametutania hivyo hadi tukastaafu, na waliotutania ni sisi tuliowafundisha kusoma hizo herufi tatu.

Darasani kwangu nikapiga marufuku neno moja: mmeelewa. Badala yake nikatangaza kwamba atakayesema "sijaelewa" anasamehewa kuokota takataka. Hilo nalo lilinigharimu. Wiki ile ile darasa lote likawa halielewi. Naita mahudhurio, mtoto anasimama: "Sijaelewa, mwalimu." Uwanja ukajaa majani ya migomba na mwalimu mkuu akataka kujua kunani. Nikabadili, nikawa namchukua mtoto wa dawati la nyuma, yule aliyenyooka sana, macho mbele, msikivu, namwambia amfundishe jirani yake nilichosema sasa hivi. Ukitaka kumjua mtoto aliyepotea usiwatafute wanaocheza. Tafuta anayekutazama vizuri mno.

Alikuja mkaguzi mmoja, akakaa nyuma na faili lake kipindi kizima. Akaandika kwamba mwalimu hana utaratibu wa kupima uelewa wa wanafunzi, kwa kuwa hakuwauliza hata mara moja kama wameelewa.

Na msiniambie hayo ni mambo ya wakimbizi wa zamani. Mtoto wa Mbinga, Mmatengo mtupu, kitovu chake kimezikwa hapa, anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Siku ya kuingia kidato cha kwanza anavuka mpaka, na hakubeba hata kuku. Jana alikuwa anakueleza usanisinuru vizuri tu. Leo jambo lile lile lina jina ambalo hata mwalimu wake analitamka kwa hofu. Wanapewa wiki chache za Kiingereza cha kuwaandaa, halafu wanatumbukizwa. Ukipita nje ya darasa la fizikia unasikia ile sauti ninayoijua: "Yeees!" Nchi nzima tunalea wakimbizi wenye sare.

Jirani yangu ameona mbali zaidi. Kwa nini angoje kidato cha kwanza? Pesa ya kahawa ilipotoka, mwanawe wa miaka minne akapelekwa Inglishi midiamu, gari linamfuata alfajiri, mtoto bado amelala ndani ya sweta. Jioni anarudi, bibi yake anamwamkia kwa Kimatengo, mtoto anamjibu kwamba ni asubuhi njema. Bibi ananiuliza mimi, "Mwalimu, huyu anasemaje?" Yaani kuna watu walikimbia mabomu ndio wakawa wageni, na kuna watu wanalipa ada kwa awamu tatu ili mtoto wao awe mgeni kwenye nyumba aliyozaliwa.

Nikisema haya naambiwa naipinga elimu. Siipingi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipoingia shule ya Mwisenge kule Musoma, 1934, alikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili anayejua Kizanaki. Kiswahili alikikuta shuleni kama mimi. Halafu huyo huyo ndiye aliyekuja kutuletea Shakespeare kwa Kiswahili, "Mabepari wa Venisi" ikatoka 1969, wakati mimi bado nahangaika na sita. Ninachosema ni kwamba watu walioingia kwenye lugha kwa kupitia dirishani wanajua dirisha liko wapi. Waulizwe. Hawaulizwi. Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, mahema yanafungwa, wanakaa mbele waliozaliwa nacho, tunaambiwa kimeingia Umoja wa Afrika, kimeingia SADC tangu 2019. Makofi. Sisi tuliokipata kwa fimbo tunakaa kwenye jua, tunapewa maji nusu chupa.

Sasa ugonjwa huu hauishi kwa kustaafu, ndilo linalonikera. Tuliitwa kwenye semina ya kueleweshwa mafao. Mtoa mada, kijana nadhifu, akatupitisha kwenye slaidi, asilimia hapa, wastani wa mshahara pale, gawanya kwa hiki. Akamaliza: "Wazee wangu, tumeelewana?" Ukumbi mzima wa walimu wastaafu, watu waliofundisha hesabu maisha yao yote, ukaitikia: "Ndiyooo!" Nikanyoosha mkono, nikasema mimi sijaelewa. Kijana akarudia slaidi zile zile kwa sauti kubwa zaidi. Tulipotoka nje, wazee wakanivuta chini ya mti: "Mwalimu, hebu tuambie, amesema tunapata ngapi?"

Kwenye dirisha la dawa nako siwezi kunyamaza. Mama aliyeko mbele yangu anaambiwa hiki kutwa mara tatu, hiki mara mbili, hiki ukizidiwa, umeelewa mama? Ndiyo. Namfuata, namwomba aniambie kipi ni kipi. Hajui. Namrudisha dirishani. Foleni inaguna, mke wangu amejifunika kanga usoni, anajifanya hatujaja pamoja. Na nyumbani mjukuu, aliyenifundisha kutuma pesa kwa simu kwa vidole vinavyokwenda mbio kuliko macho yangu, akamalizia: "Babu, umeelewa?" Nikamnyima chai.

Lami nayo imezidisha kazi. Zamani Mbamba Bay ilikuwa safari ya kuaga; sasa ni kilomita 60 na ushei za lami kutoka hapa, usipa unafika sokoni Mbinga bado unang'aa, na watu wanapanda na usipa. Wiki iliyopita amekuja mama mmoja, muuza samaki, ametoka ng'ambo ya Malawi na mumewe anayetengeneza injini za boti huko chini. Kamshika mkono mtoto wa kiume. Ameelekezwa kwangu na jirani yule yule wa Inglishi midiamu, mtu ambaye ushauri wangu haufuati ila kuusambaza anausambaza. Mama anasema mtoto yuko shule hapa mjini, hasemi nyumbani, hasemi popote. Nikamwuliza, walimu wake wanasemaje? Akasema wanamsifu, ni msikivu sana.

Nikasema mimi nimestaafu, mgongo unauma, nina maharage shambani. Nikamgeukia mtoto, nikamwuliza kwa Kiswahili cha polepole: "Umekuja na tembo mfukoni?"

Kanyooka, macho mbele. "Ndiyo, mwalimu."

Nikamsemesha Kinyanja. Akanitazama, midomo ikamcheza, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Kumbe Kinyanja changu ni kile cha Biblia ya Padre Johnson, huko kwao hakuna mtu anayesema hivyo ila padre siku ya mazishi. Akaanza kunisahihisha, neno moja, la pili, kidole juu. Nikamwambia hilo la tatu sijaelewa, arudie.

Anaanza Jumatatu saa kumi jioni. Nimemwambia mama yake alete kigoda, kwangu viti ni viwili na kimoja ni changu. Usipa aliouleta nimekataa kuupokea, nimesema mwalimu wa serikali hahongwi, hata mstaafu. Mke wangu ameupokea.